Floti Mbili: Uendeshaji wa Huduma Ndogo za Kubadilisha na Kutumia Sarafu Mtandao za Awali, kwa Mtazamo wa Morogoro na Milima ya Uluguru

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna huduma ndogo za kubadilisha na kutumia sarafu mtandao zilivyoendeshwa katika miaka ya mwanzo ya Bitcoin, hususani pale sarafu hiyo ilipokutana na fedha za simu za Afrika Mashariki. Mifano mikuu ni Kipochi na BitPesa za Kenya pamoja na masoko ya mtu kwa mtu yaliyotumiwa na Watanzania. Mazingira ya Morogoro na Milima ya Uluguru yanatumika kama kipimo: je, huduma ya namna hii ingemfaa nani, na hasara yake ingemwangukia nani? Makala inadai kwamba ugumu wa huduma hizi ulitokana zaidi na kukutanisha malipo yasiyorudishwa na malipo yanayoweza kurudishwa, na kwamba mwendeshaji mdogo ndiye aliyesimama katikati ya mifumo hiyo miwili bila kinga.

1.0 Utangulizi

Mboga zinazolimwa Mgeta, Nyandira na Langali, pamoja na ndizi, mananasi na viungo vinavyoshuka kutoka Kinole na Matombo, huuzwa kwa sehemu kubwa mbali na milima: katika Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro, na katika masoko ya Dar es Salaam, umbali wa takribani kilomita 190 kuelekea mashariki. Mzigo hushuka kwa pikipiki na malori. Malipo hupanda kwa simu. Tangu Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini Tanzania mwaka 2008, na baadaye kufuatiwa na Tigo Pesa, Airtel Money na nyinginezo, mkulima wa Uluguru amekuwa akipokea fedha za mauzo bila kushuka mjini, ilimradi ufike mtandao na pawe na wakala.

Wakala ndiye mhusika wa kwanza wa kumwelewa kabla ya kuieleza sarafu mtandao. Kibanda chake kina akiba mbili. Moja ni noti zilizo mezani. Nyingine ni salio lililo katika simu, ambalo mawakala wenyewe huliita floti. Mteja anapoweka fedha, noti huongezeka na floti hupungua. Anapotoa, huwa kinyume chake. Wakala asiye na noti siku ya gulio hawezi kumhudumia mkulima aliyelipwa; asiye na floti mwisho wa mwezi hawezi kumhudumia mfanyakazi anayetaka kutuma nyumbani. Faida yake ni kamisheni ndogo kwa kila muamala, na kazi yake kubwa ya kila siku ni kusawazisha akiba hizo mbili.

Huduma ndogo ya kubadilisha Bitcoin ilikuwa uwakala wa namna hiyohiyo, isipokuwa mahali pa noti paliwekwa sarafu ambayo bei yake ilibadilika kila dakika, ambayo ikishatumwa hairudi, na ambayo hakuna kampuni ya kupigiwa simu pale jambo linapoharibika. Tofauti hizo tatu ndizo zitakazofuatwa katika kurasa zinazofuata.

2.0 Kuhusu istilahi

Katika Kiswahili cha magazeti na cha taarifa za serikali hutumika majina kadhaa kwa dhana moja: sarafu za kidijitali, sarafu za mtandaoni, sarafu mtandao, fedha mtandao, na mara nyingine sarafu fiche. Istilahi ya mwisho inavutia kwa sababu iko karibu na asili ya neno la kigeni, lakini inapotosha. Katika Bitcoin, miamala haifichwi. Daftari lake liko wazi kwa yeyote mwenye kompyuta, na kila sarafu inaweza kufuatiliwa tangu ilipozaliwa. Kilichofichwa ni ufunguo wa siri wa mmiliki, na kwa kiasi fulani jina lake. Kwa sababu hiyo makala hii inatumia sarafu mtandao. Neno mkoba linatumika kwa programu inayotunza ufunguo, blokucheni kwa daftari lenyewe, na amana kwa mali inayoshikiliwa na mtu wa tatu mpaka pande mbili zitimize masharti yao. Neno amana halikuhitaji kubuniwa: msomaji wa Kiswahili analijua pamoja na uzito wake wote wa kidini na kijamii, na uzito huo utahitajika mbele.

3.0 Bei ya kwanza na maduka ya kwanza

Waraka wa Satoshi Nakamoto ulitolewa tarehe 31 Oktoba 2008, na bloku ya kwanza ya Bitcoin ikaundwa tarehe 3 Januari 2009. Kwa miezi mingi sarafu hiyo haikuwa na bei. Mnamo Oktoba 2009 mtu aliyetumia jina la NewLibertyStandard alichapisha kiwango cha kubadilishia: dola 1 ya Marekani kwa Bitcoin 1,309.03. Kiwango hicho hakikutokana na mauzo, kwani hayakuwapo. Alikikokotoa kwa gharama ya umeme aliotumia kuendesha kompyuta yake. Mwezi huohuo Martti Malmi wa Finland aliuza Bitcoin 5,050 kwa dola 5.02 zilizolipwa kupitia PayPal. Mauzo hayo ya thamani ya sahani moja ya chakula ndiyo ya kwanza yanayojulikana, na tayari yalikuwa na sura ambayo huduma zote ndogo zingekuja kuirithi: upande mmoja sarafu isiyorudi, upande wa pili malipo ya kampuni inayoweza kuyarudisha.

Soko la kwanza, Bitcoin Market, lilifunguliwa Machi 2010 likitegemea PayPal. Tarehe 22 Mei 2010 mkazi wa Florida alilipa Bitcoin 10,000 kwa piza mbili. Maelezo mengi hulisimulia tukio hilo kama kichekesho cha mtu aliyepoteza utajiri. Kwa mtafiti wa huduma, jambo lenye maana ni jingine: mpishi wa piza hakupokea Bitcoin. Aliyepokea ni kijana wa kati, ambaye naye alilipia piza kwa fedha za kawaida. Matumizi ya kwanza mashuhuri ya sarafu mtandao yalikuwa, kwa hakika, kazi ya wakala.

Soko hilo liliiacha PayPal mwaka 2011, baada ya wanunuzi matapeli kupokea sarafu kisha kudai malipo yao yarudishwe. Wakati huohuo huduma za kutunza mikoba zilianza kuanguka. MyBitcoin ilitoweka katikati ya mwaka 2011 pamoja na akiba za wateja. Bitcoinica iliibiwa zaidi ya Bitcoin 18,000 mwezi Mei 2012. Instawallet, iliyomtambulisha mteja kwa anwani ndefu ya siri tu pasipo nywila, ilivamiwa Aprili 2013. Mt. Gox ya Tokyo, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilitangaza Februari 2014 kwamba takribani Bitcoin 850,000 hazikuonekana. Baadaye zilipatikana kama 200,000. Nyingi kati ya huduma hizo ziliendeshwa na mtu mmoja au wachache, waliojua kuandika programu kuliko kutunza mali ya watu. Hawakuwa lazima wezi. Walikuwa wamepokea amana bila kuwa na chumba cha kuitunzia.

Funzo la kiufundi lililotokana na misiba hiyo ni rahisi kulieleza, ingawa halikuwa rahisi kulifuata. Mwendeshaji hutenga sarafu chache katika mkoba uliounganishwa na intaneti kwa ajili ya malipo ya siku, na nyingi huziweka katika mkoba usiounganishwa kabisa. Mwenye kibanda pale Nyandira hufanya vivyo hivyo na noti: za kazi ziko mezani, nyingine hazilali kibandani.

4.0 Bitcoin inakutana na M-Pesa

Kenya ilikuwa mahali pa kawaida pa kujaribia. M-Pesa ilizinduliwa huko Machi 2007, na kufikia mwaka 2013 karibu kila mtu mzima alijua kutuma fedha kwa simu. Mwaka huo Pelle Brændgaard, mjasiriamali kutoka Denmark, alizindua Kipochi, mkoba mwepesi wa Bitcoin uliounganishwa na M-Pesa. Jina lilichaguliwa vizuri: pochi ndogo, ya kubebwa mkononi. Uunganisho huo haukudumu. Huduma ilitegemea mlango wa kampuni ya simu, na mlango ulipofungwa, Kipochi ilibaki mkoba wa Bitcoin kama mingine mingi, ikiwa imepoteza sababu ya kuwapo Afrika Mashariki.

BitPesa, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2013 na Elizabeth Rossiello, ilipata umri mrefu zaidi. Ilianza kwa kuwalenga Wakenya walioko Uingereza: mtumaji ananunua Bitcoin huko, anaituma BitPesa, nayo inampatia ndugu yake shilingi kupitia M-Pesa kwa ada ya asilimia 3, ambayo ilikuwa ndogo ikilinganishwa na ada za kampuni za zamani za kutuma fedha. Hapa pana jambo ambalo matangazo ya wakati huo yaliliruka. Ndugu wa Kisumu au wa Mombasa hakuiona Bitcoin hata mara moja. Aliona ujumbe wa M-Pesa. Sarafu mtandao ilikuwa bomba la kati, na ncha zote mbili za bomba zilikuwa fedha za serikali. Kwa kuwa wahamiaji wachache walikuwa na Bitcoin mkononi, hatua ya kwanza ndiyo iliyokwamisha, na kampuni ikahamia taratibu katika kuwahudumia wafanyabiashara wanaolipana kuvuka mipaka. Ilipanuka hadi Uganda, Tanzania na Nigeria, na mwaka 2019 ilibadili jina kuwa AZA.

Kabla ya kufika huko ilipita mahakamani. Novemba 2015 Safaricom ilisitisha huduma kwa Lipisha, kampuni ambayo BitPesa ilipitia ili kuifikia M-Pesa. Lipisha na BitPesa walikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi wakiomba amri ya muda ya kurejeshewa huduma. Desemba 2015 mahakama ilikataa kutoa amri hiyo, ikizingatia kwamba BitPesa ilionekana kufanya biashara ya kuhamisha fedha bila kibali cha Benki Kuu ya Kenya. Mwezi huohuo Benki Kuu ilitoa tahadhari kwa umma dhidi ya sarafu mtandao.

Shauri hili limejadiliwa zaidi kama shauri la leseni. Kwa maoni ya mwandishi, umuhimu wake kwa huduma ndogo uko pengine. Linaonesha mfuatano wa nguvu: kampuni ya simu hufunga kwanza, kisha mwenye huduma hutafuta haki akiwa tayari hana mapato. BitPesa ilikuwa na wawekezaji na mawakili. Mtu anayebadilisha Bitcoin kwa laini moja ya simu akiwa Kihonda au Msamvu hana vyote viwili, na laini yake ikifungwa hufungwa pamoja na fedha za mboga, za ada ya shule na za matibabu zilizomo humo.

5.0 Kuendesha floti mbili

Baada ya milango rasmi kufungwa, sehemu kubwa ya ubadilishaji wa Afrika Mashariki ilihamia katika masoko ya mtu kwa mtu. Mashuhuri zaidi yalikuwa LocalBitcoins, lililoanzishwa Helsinki mwaka 2012, na Paxful, lililoanzishwa Marekani mwaka 2015. Muuzaji hutangaza bei yake na njia ya malipo anayoikubali, mathalani M-Pesa ya Tanzania. Mnunuzi anapofungua biashara, soko hushikilia Bitcoin ya muuzaji kama amana. Mnunuzi hutuma shilingi moja kwa moja kwenye simu ya muuzaji. Muuzaji akithibitisha kuwa ameziona, anaiachia amana. LocalBitcoins lilimtoza mwenye tangazo asilimia 1 ya biashara iliyokamilika. Soko lenyewe halikugusa shilingi, wala halikuhitaji mkataba na kampuni ya simu, na ndiyo maana lilidumu pale Kipochi iliposhindwa.

Kwa mtindo huo, kila muuzaji alikuwa huduma ndogo inayojitegemea. Tuchukue mfano wa kukokotoa tu. Mwendeshaji anaanza na shilingi 2,000,000 katika simu na Bitcoin yenye thamani kama hiyo. Wateja wanaopokea sarafu kutoka nje ya nchi wanamletea Bitcoin wakitaka shilingi 100,000 kila mmoja. Baada ya wateja 20 floti ya shilingi imekwisha, na mkobani amebaki na Bitcoin tu. Hawezi kuendelea mpaka apate mtu wa upande wa pili, anayetaka Bitcoin na mwenye shilingi. Watu hao walikuwapo: waliolipia huduma za mtandaoni bila kadi ya benki, na wafanyabiashara waliotaka kulipia bidhaa China wakati dola zilipokuwa adimu au ghali. Hata hivyo, hawakaimbii Uluguru. Wako Kariakoo. Mwendeshaji wa Morogoro angetegemea mahitaji ya Dar es Salaam kusawazisha floti yake, kama vile kabichi ya Mgeta inavyotegemea Dar es Salaam kupata bei.

Bei nayo haisubiri. Tuseme mwendeshaji ananunua kwa asilimia 3 chini ya bei ya soko na kuuza kwa asilimia 3 juu yake. Amenunua Bitcoin yenye thamani ya shilingi 100,000 kwa shilingi 97,000. Kabla hajapata mnunuzi, bei inashuka kwa asilimia 8, mshuko usio wa ajabu kwa Bitcoin ya miaka ile. Mali yake sasa ina thamani ya shilingi 92,000. Akiiuza kwa asilimia 3 juu anapata shilingi 94,760. Amepoteza shilingi 2,240 kabla ya ada za kutuma. Mteja anayelalamika kwamba pengo la bei ni kubwa ana haki ya kulalamika, lakini pengo hilo ndilo bima pekee aliyonayo mwendeshaji. Wauzaji wazoefu walijilinda kwa kutoshika sarafu usiku kucha, jambo linalomfaa mwenye intaneti ya uhakika na mashine zinazowaka muda wote. Kwenye mabonde ambayo mgongo wa mlima huziba mnara wa simu, kushindwa kuuza kwa saa tatu ni jambo la kawaida.

Ada za blokucheni zilikuja kuwa kizuizi kingine. Katika miaka ya mwanzo kutuma Bitcoin kuligharimu karibu na bure. Desemba 2017, msongamano ulipokuwa mkubwa, wastani wa ada kwa muamala mmoja ulipita dola 50. Kwa siku hizo hakuna mauzo ya tenga la nyanya ambayo yangeweza kulipwa kwa njia hiyo.

6.0 Malipo yanayorudi na malipo yasiyorudi

Kila mwenye simu Tanzania ameupata ule ujumbe mfupi unaosema kwamba ile hela itumwe kwenye namba hii, na jina litatokea la fulani. Mwandishi wa ujumbe hamjui anayemwandikia. Anatumaini kwamba kati ya maelfu, mmoja alikuwa kweli anasubiri kumtumia mtu fedha. Utapeli huu umekuwa mkubwa kiasi kwamba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliweka namba 15040 ya kuripotia ujumbe wa aina hiyo, na taarifa zake za robo mwaka za karibuni zimeutaja Mkoa wa Morogoro, pamoja na Rukwa, miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Mwendeshaji wa huduma ya Bitcoin aliyeko Morogoro hukaa, kwa hiyo, mahali pagumu kuliko wengi.

Hatari inayomkabili huja kwa pembe tatu. Tapeli anafungua biashara sokoni kama mnunuzi wa Bitcoin, na muuzaji anampa namba ya simu ya kulipia. Badala ya kulipa, tapeli anamtumia mtu wa tatu ujumbe wenye namba hiyohiyo. Mtu wa tatu, tuseme mama wa Mlali anayesubiri kumlipa fundi, anatuma shilingi 300,000. Muuzaji anaona fedha zimeingia kwa kiasi kilekile kilichokubaliwa, anaiachia amana, na Bitcoin inaondoka. Baada ya saa moja mama anagundua kuwa fundi hajapata kitu. Anapiga simu huduma kwa wateja, anakwenda polisi, na namba anayoitaja ni ya muuzaji.

Mbele ya sheria na mbele ya kampuni ya simu, kila ushahidi unamwelekea muuzaji. Laini yake imesajiliwa kwa alama za vidole. Tangu usajili huo ukamilishwe kwa lazima Januari 2020, hakuna shaka kwamba ni yeye. Fedha ziliingia kwake. Tapeli hana sura katika kumbukumbu za simu. Yuko katika kumbukumbu za soko lililo nchi nyingine, kwa jina alilojibunia. Fedha zikirudishwa kwa mama, kama haki inavyodai, muuzaji amepoteza shilingi na Bitcoin kwa pamoja. Zisiporudishwa, mama ndiye aliyeinunulia Bitcoin mtu asiyemjua. Hakuna utaratibu wa kiufundi ndani ya Bitcoin unaoweza kuigawa hasara hiyo kwa haki, kwa kuwa Bitcoin iliundwa makusudi isiwe na wa kuirudisha.

Wauzaji walibuni kinga. Iliyo muhimu kuliko zote ni sharti la jina: jina linalotokea kwenye ujumbe wa malipo lazima lilingane na jina la kitambulisho cha mnunuzi sokoni. Wengine walidai picha ya mnunuzi akiwa ameshika kitambulisho na karatasi yenye tarehe. Wengine walimpigia simu mlipaji na kumuuliza ananunua nini. Swali hilo la mwisho, ambalo halikuhitaji programu yoyote, linaelekea kuwa bora kuliko mengine, maana mama wa Mlali angejibu mara moja kwamba analipa fundi.

Sharti la jina lina gharama ya kijamii ambayo haijapewa uzito unaostahili. Malipo yanayowekwa moja kwa moja kupitia kibanda cha wakala hayaoneshi jina la mlipaji wa kweli, hivyo wauzaji waliyakataa. Malipo kutoka simu ya ndugu nayo yalikataliwa. Lakini katika vijiji vya milimani simu ya kushirikiana, laini iliyosajiliwa kwa jina la mume au la mtoto anayefanya kazi mjini, na kutumiwa fedha kupitia jirani ni mambo ya kila siku. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na mali, hasa ardhi, hupita katika ukoo huo. Jukumu la fedha hugawanywa kwa njia ambazo usajili wa laini hauzijui. Kinga iliyomlinda muuzaji ilimfungia nje mteja ambaye huduma hiyo ilisemekana kuwa imekuja kumkomboa.

Masoko yenyewe yalifuata mkondo huohuo. LocalBitcoins liliondoa biashara za kukutana ana kwa ana kwa noti taslimu Juni 2019, na mwaka huo likaanza kudai utambulisho rasmi. Biashara ya ana kwa ana ndiyo iliyokuwa na kinga ya asili dhidi ya pembe tatu: noti zikishahesabiwa mezani, hazirudishwi kwa kupiga simu. Februari 2023 soko hilo lilisitisha biashara, na Aprili mwaka huo Paxful nalo likasimama.

7.0 Kutumia bila kubadilisha

Kutumia sarafu mtandao moja kwa moja dukani hakukushika Morogoro. Kulikoshika mahali pengi barani Afrika ni muda wa maongezi. Bitrefill, iliyoanzishwa Sweden mwaka 2014, ilimwezesha mwenye Bitcoin kununua vocha kwa ajili ya namba ya simu ya nchi nyingine. Wazo hilo lilikuwa na mizizi ya zamani zaidi: kabla ya fedha za simu kuenea, watu wa Afrika Mashariki walikuwa wakinunua vocha mjini, wakaikwangua, wakamsomea ndugu wa kijijini namba zake, naye akaziuza kwa mwenye duka. Vocha ilikuwa sarafu kabla ya M-Pesa. Huduma ya Sweden iliurudisha mtindo huo bila kujua, pengine, kwamba ulikwishakuwapo.

Mwaka 2022 Kgothatso Ngako wa Afrika Kusini alianzisha Machankura, inayomruhusu mtu kutuma na kupokea Bitcoin kwa simu ya kawaida ya vitufe, kwa msimbo unaoanza na nyota na kuishia na reli, katika nchi kadhaa za Afrika. Kwa upande wa kufikika, ndiyo inayokaribia zaidi hali ya Bunduki au Tegetero. Kwa upande wa amana, inarudisha swali la Instawallet na MyBitcoin: mwendeshaji ndiye anayeshika sarafu kwa niaba ya mteja.

Ni lazima pia kutenganisha huduma hizi na upatu wa ulaghai. Tanzania ilipata funzo chungu mwaka 2009, DECI ilipowataka watu wapande mbegu ili wavune maradufu. Miradi mingi iliyojiita ya sarafu mtandao baadaye ilitumia lugha ileile ya mavuno. Kigezo cha kuzitofautisha ni chepesi: huduma ya kubadilisha humpa mteja kitu kingine papo hapo kwa bei iliyotajwa; upatu humpa ahadi.

8.0 Hali ya kisheria Tanzania

Tarehe 12 Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa taarifa kwa umma kwamba biashara, utangazaji na matumizi ya sarafu mtandao ni kinyume cha kanuni zilizopo za fedha za kigeni, na kwamba shilingi ndiyo fedha halali nchini. Tarehe 13 Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ijiandae kwa mabadiliko ya aina hiyo ya fedha. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo yatokanayo na kubadilisha au kuhamisha mali za kidijitali, inayokatwa na mmiliki wa jukwaa au anayewezesha muamala. Kenya ilikuwa imekwishaweka kodi ya kiwango hichohicho mwaka 2023, kabla ya kuibadilisha, na Oktoba 2025 ikapata sheria mahususi ya kuwasajili watoa huduma.

Kwa huduma kubwa, kodi ya zuio ni suala la programu. Kwa huduma ndogo maneno ya sheria yanaibua swali la nani hasa ni jukwaa. Muuzaji aliyetangaza bei yake katika soko la Helsinki hakuwa mmiliki wa jukwaa, lakini ndiye aliyewezesha muamala. Na kama faida yake kwa kila biashara ni asilimia 3 kabla ya hasara za bei, kodi ya asilimia 3 ya malipo yote inaimeza yote, si sehemu yake. Ana njia tatu: kuongeza pengo la bei hadi mteja aondoke, kuacha kazi, au kuendelea bila kukata. Akichagua ya tatu, siku fedha za mama wa Mlali zitakapoingia katika simu yake atalazimika kuwaeleza polisi kwamba alikuwa akifanya biashara ambayo taarifa ya 2019 inaikataza na sheria ya 2024 inaitoza kodi. Ni vigumu kuona namna ambavyo maelezo hayo yangemsaidia, hata yakiwa kweli tupu.